Mabuti ya Mwamba wa Mbega

Miaka ile, kwenye njia ya miguu inayopanda kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside na kuvuka kuingia vijiji vya nyuma ya mlima, mtu akiteleza hakupewa pole kwanza. Wenzake walicheka wakamwuliza, "Vipi, umekunywa ya Bonifasi?" Ndipo wakamwokotea kabichi zake. Ulikuwa utani, na utani milimani haukatazwi. Lakini kila ulipotamkwa, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetua mzigo wake chini, akajifanya anaitengeneza kata ya kichwani, ili watu wasimwone uso.

Mwanamke huyo aliitwa Modesta. Bonifasi alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa mlinzi wa misitu ya serikali, na mwaka wa sabini na moja, katikati ya Kwaresima, alianguka kwenye Mwamba wa Mbega, pale maji yanapopita juu ya jiwe, akafa kabla hajafikishwa barabarani. Miguuni alikuwa na mabuti mapya. Karatasi iliyotoka mjini ikasomwa mbele ya watu, na ilisema mambo mawili. La kwanza, mabuti yale yalikwisha kujaribiwa mlimani, na aliyeyajaribu na kuyasifu ni marehemu mwenyewe, dole gumba lake hili hapa chini. La pili, siku ya ajali marehemu alikuwa amelewa.

Amelewa! Bonifasi, ambaye Kwaresima nzima hata togwa alikuwa akiikataa kwa kuogopa isije ikawa imeanza kuchacha! Modesta aliisikia karatasi ile kwa masikio yake, na kwa kuwa wakati huo hakujua kusoma, hakuwa na ujasiri hata wa kuomba aione. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Sasa, kwa Waluguru mtu hafi na jina lake. Jina la mjomba hurithiwa na mtoto wa dada yake, kwa maana damu hufuata tumbo la mama, na ukoo huo wa upande wa mama, lukolo, ndio wenye watu. Mrithi wa Bonifasi alikuwa Benedikto, kifungua mimba wa Modesta, kijana wa miaka ishirini mwenye mabega ya kubebea gogo. Wazee wa ukoo walikaa mara mbili kumkabidhi jina la mjomba wake, na mara mbili kijana akagoma.

"Mama, nipite sokoni niitwe Bonifasi, watu washike mbavu?" alisema. "Sitaki jina la mlevi."

Wazee wakatoa neno la mwisho. Watakaa mara ya tatu baada ya mavuno ya mwaka wa sabini na tano. Kijana akikataa tena, jina litazikwa, halitatajwa tena katika ukoo, kana kwamba Bonifasi hakupata kuzaliwa. Basi Modesta alitaka vitu viwili duniani. Alitaka jina la kaka yake lisafike kabla ya mavuno. Na alitaka aliyelichafua aumie. Akiulizwa kipi kati ya hivyo alikitaka zaidi, asingekujibu upesi.

Aliyelichafua alimjua. Alimjua kwa kinywa cha mzee Ramadhani, fundi wa Ushirika wa Viatu Jikaze, karakana iliyokuwa mjini chini, ambako Modesta alikuwa akipeleka mboga kila Jumanne. Mzee alivumilia mwaka mzima, kisha siku moja, akichagua karoti, akatapika yote.

"Kaka yako aliyarudisha yale mabuti siku ile ile ya majaribio," alisema bila kuinua macho. "Nilikuwepo. Alisema yanateleza, yatamuua mtu. Mimi nilikuwa nimeweka soli ya tairi, mama, tairi la lori lenye meno yake. Ndugu Richard akaamuru itolewe, uwekwe mpira laini, eti tairi ni la kishamba. Bonifasi alipomaliza kulalamika, Ndugu Richard akaandika kwenye fomu, 'Yanafaa.' Halafu akamshika mkono kwa upole kabisa, akamwonyesha pa kutia dole. Baadaye walinzi wakagawiwa mabuti hayo hayo, na kaka yako akalazimika kuyavaa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nina watoto sita, mama."

Modesta akampimia karoti zake, akamwongeza na fungu la bure, kwa sababu fundi aliyetubu ni mali. Tangu siku hiyo akajiandikisha katika darasa la kisomo cha watu wazima pale misheni. Wenzake walijifunza ili wasome barua za watoto wao. Yeye alijifunza kwa hasira. Baada ya jina lake mwenyewe, neno la kwanza aliloandika bila kuangalia ubao lilikuwa "Yanafaa." Mwalimu wake, msichana mdogo aitwaye Mariamu, alimsifu kwa kuchagua neno zuri.

Huyo Richard naye alikuwa nani? Mkaguzi wa ubora wa ushirika, mtu nadhifu aliyetoka mbali, kwenye mikoa ambako mtoto ni wa baba na msiba wa mtu ni wa mkewe. Hakuwa mkatili wa kupiga watu. Alikuwa mvivu wa kupanda mlima, basi, na uvivu wake aliuvika shati jeupe. Bonifasi alipokufa, moyo ulimwuma kiasi, akaenda kumpa pole mjane. Akamtafutia kazi ya kufagia pale ushirika, na mjane alipoolewa tena akahamia Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, Richard akashusha pumzi akaona yamekwisha. Hakujua kwamba huku milimani mke ni mgeni aliyepita, na mwenye msiba ni dada. Kwa miaka minne alinunua spinachi za Modesta, akamwita "mama," akamtania kuhusu bei, na hakuwahi kumwuliza ni wa ukoo gani.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ikaja sabini na tano. Idara ya misitu ilipata afisa mpya, Bi Josephine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi, na idara ilikuwa inataka mabuti kwa ajili ya walinzi wake wote wa Uluguru. Bi Josephine akasema hapokei hata jozi moja mpaka mabuti yajaribiwe na mtu wa mlimani, juu na chini, na mzigo kichwani. Richard akatafuta mtu wa mlimani asiye na maneno mengi. Mzee Ramadhani akakohoa, akasema, "Si yupo yule mama wa mboga?"

Modesta akapewa jozi yake, akapanda na kushuka nayo kwa siku tatu. Siku ya nne akaketi mbele ya meza ya Richard, mikono mapajani.

"Haya mama, tuambie. Yakoje?"

"Nikipanda, kisigino kinachomoka na kurudi, kinanichuna. Nikishuka, vidole vinakwenda kugonga mbele. Na kwenye jiwe lenye maji, Ndugu Mkaguzi, soli haishiki. Gundi nayo imeanza kuachia hapa ubavuni, tazama."

"Mm-hm," alisema Richard, na kalamu ikatembea. Modesta alikuwa upande wa pili wa meza, na maandishi yalikuwa yamempa kisogo, lakini neno lile alilijua hata likilazwa kichwa chini. Yanafaa. Na chini yake: Mjaribu ameridhika kabisa.

Miaka minne, na mtu hakujisumbua hata kubadili neno. Damu ilimpanda Modesta mpaka masikio yakavuma. Angeweza kupiga kelele pale pale, na pale pale angetolewa nje na mlinzi.

Richard akamsogezea kidau cha wino kwa upole kabisa. "Weka dole hapa, mama yangu."

"Dole langu lina kidonda leo, mwanangu," alisema Modesta akilificha ndani ya kanga. "Nitatia Jumamosi, Bi Josephine akiwepo. Si ndiyo vizuri, aone mwenyewe?"

Richard akaona ndiyo vizuri. Itapendeza hata kwenye picha.

Jumamosi asubuhi ua wa ushirika ulijaa. Walikuwepo mafundi, balozi wa nyumba kumi, na wachukuzi wa mboga walioteremka kutoka milimani, Benedikto akiwa mmoja wao. Bi Josephine alikaa kwenye kiti cha mbele, miguu haigusi chini vizuri. Richard akahutubia kidogo kuhusu kujitegemea, akasema mabuti haya ni mabuti ya wananchi, kisha akamwita Modesta aje atie dole.

Modesta akasimama. "Shikamooni wazee. Dole nitatia. Ila kwetu mpishi huonja chakula mbele ya mgeni, ndipo mgeni anawe. Ndugu Mkaguzi anasema mabuti ni mazuri, nami ni nani nimbishie? Basi avae jozi moja, tupande wote mara moja tu mpaka Mwamba wa Mbega na kurudi. Akirudi nayo miguuni, mimi sitatia dole moja. Nitatia yote kumi."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Richard akacheka, akitazama kushoto na kulia kutafuta wa kucheka naye.

"Wazo zuri," alisema Bi Josephine kwa sauti ile ya filimbi. "Kiongozi si ndiye wa kuonyesha njia, Ndugu Richard? Au kuna ugumu?"

Na zama zile, kiongozi aliyeonekana mbele ya watu kwamba anajiona bora kuliko mama wa mboga, huyo alikuwa anajitafutia mkutano wa kumjadili. Richard alilijua hilo kuliko alivyoyajua mabuti. "Hakuna ugumu wowote," alisema.

Akaletewa mabuti achague. Hapa ndipo mlima ulipoanza kumcheka kabla hajaukanyaga. Kila mtu wa Uluguru anayevaa kiatu anajua kwamba kiatu cha mlimani hupimwa jioni, mguu ukiwa umechoka na kuvimba. Hupimwa umesimama, soksi nzito miguuni, na mzigo kichwani ili unyayo utandae. Ukisukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Ukikosa nafasi hiyo, siku ya kuteremka kucha zako ndizo zitakazolipia. Richard aliketi kitini, asubuhi, soksi za nailoni miguuni, akachagua namba nane ingawa miguu yake ilikuwa ya tisa, kwa sababu tangu ujana alipenda mguu uonekane mdogo. Mzee Ramadhani alifungua mdomo. Modesta akamtazama. Mzee akaufunga.

"Yamekukaa, Ndugu Mkaguzi," alisema Modesta. Na kweli, saa ile, pale uani, yalikuwa yamemkaa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Modesta akachukua mezani fomu nyingine isiyoandikwa kitu, akaikunja akaitia katika mfuko wa nailoni pamoja na penseli, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akavaa katambuga zake za tairi, zile ambazo Richard aliziita za kishamba. Fomu ilitaka mjaribu abebe mzigo, basi Richard akatwikwa nusu gunia la mahindi. Bi Josephine na watu wengine wakasogea mpaka mwisho wa barabara, chini ya mlima, wakasema watawangojea hapo.

Saa ya kwanza Richard alizungumza. Alieleza jinsi ngozi inavyolainishwa, jinsi nchi itakavyoacha kununua viatu vya nje. Saa ya pili akaacha kueleza. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeanza kuchunika, na kila hatua kiliulizia njia ya kurudi kwao. Modesta alikwenda taratibu mbele yake, mpole kama muuguzi. Kila alipojikwaa alimwambia, "Pole, Ndugu Mkaguzi." Kila alipotaka kukaa alimwambia, "Ulisema mwenyewe majaribio yanataka mwendo wa saa nne, au nilisikia vibaya?" Alimpitisha njia ndefu, ya mashambani, kwenye udongo mwekundu uliolowa, ambako mabuti yalibeba tope mpaka yakawa mazito maradufu. Alimtambulisha kwa kila bibi waliyemkuta analima maharage. "Huyu ndiye mtengeneza mabuti," alisema, "amekuja kuyajaribu mwenyewe." Mabibi wakayatazama mabuti, wakamtazama Modesta, wakaelewa, wakarudi kulima.

Moyoni Modesta alifurahi. Tusimpambe kwa maneno mazuri. Aliposikia mtu nyuma yake anavuta pumzi kwa meno, alijisikia kama aliyekunywa uji wa moto baada ya siku ndefu ya baridi.

Njia hiyo ndefu iliwatoa juu zaidi ya Mwamba wa Mbega, na walipogeuka kuteremka kuufuata, mlima ukaanza kazi yake yenyewe. Kuteremka ndiko kunakojua kiatu. Vidole vya Richard vilikwenda mbele vikagonga, vikagonga, mpaka akawa anatembea upande upande, akishika miti. Ukungu ukashuka, manyunyu yakafuata. Ndipo wakafika Mwamba wa Mbega.

Ni jiwe moja pana lililolala mteremko, maji yanapita juu yake kama shuka, na upande wa chini liko korongo. Modesta alivuka kwa hatua sita, tairi likauma jiwe, akageuka akangoja. Richard akaweka mguu wa kwanza. Ukakaa. Akaweka wa pili.

Soli haikushika. Aliteleza kwa tumbo mpaka ukingoni, gunia likamtoka, likaenda chini likigongagonga mpaka halikusikika tena. Yeye mwenyewe alidaka mzizi wa mti uliotoka kwenye ufa wa jiwe. Miguu ikabaki inaning'inia juu ya korongo, na buti la kushoto likafunua mdomo, soli ikiwa imeachia mpaka katikati.

"Mama! Nishike! Nishike, mama, nakufa!"

Modesta alishuka kwa makalio mpaka karibu naye, pale ambapo mkono wake ungefika. Akakaa. Ilikuwa hapa hapa. Bonifasi alishika mzizi huu huu labda, na hakukuwa na mtu. Kwa muda, na si muda mfupi, Modesta alitaka mtu huyu afe. Ingekuwa rahisi. Angeteremka peke yake akawaambia waliongoja kwamba Ndugu Mkaguzi ameanguka. Na wangemwuliza imekuwaje, naye angejibu, "Alikuwa amelewa." Aliyaonja maneno hayo mdomoni, akayakuta matamu.

Lakini maiti haisemi. Akifa Richard, atakufa na ukweli wake, na baada ya mavuno jina la Bonifasi litafukiwa. Alihitaji kinywa chake kikiwa hai. Hicho tu ndicho kilichomwokoa yule bwana, si huruma, na Modesta hakupata kusema vinginevyo hata mbele ya padri.

Akafungua pindo la kanga, akatoa fomu, akalaza karatasi kwenye goti chini ya ukingo wa kanga isilowe. Akailamba penseli.

"Swali la kwanza," alisoma. Alisoma polepole, kidole chini ya neno. "Je, kiatu kinabana vidole wakati wa kuteremka?"

Richard alimtazama kana kwamba jiwe limesema. "Unajua kusoma?"

"Mkono wako utachoka. Jibu."

"Kinabana! Kinabana, mama, kucha zimetoka!"

Modesta akaandika, herufi moja baada ya nyingine, na K yake ilimchukua muda kwa sababu alipenda ikae vizuri. "Swali la pili. Je, kisigino kinatulia?"

"Hakitulii!"

"Swali la tatu. Je, soli inashika mwamba wenye maji?"

"Haishiki! Haishiki, kwa jina la Mungu! Nivute!"

"Ha-i-shi-ki," aliandika Modesta. "Hivyo ndivyo alivyokwambia Bonifasi."

Maji yalipita katikati yao. Richard alifumba macho, akayafumbua. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni dada yake."

"Lakini nilikwenda kwao! Nilimwona mkewe, nikampa pole, nikampa kazi…"

"Mkewe ulimwona," alisema Modesta. "Ulikosea nyumba."

Akamsogezea karatasi mpaka usoni. "Tia dole. Wino hatuna, tope lipo."

"Mimi naweza kutia saini…"

"Dole, mwanangu. Hapa."

Akaachia mkono mmoja, akichuruzika machozi na kamasi, akachovya dole gumba kwenye tope la ufa, akalibandika alipoonyeshwa. Modesta akalipuliza likauke, akakunja karatasi, akairudisha kwenye nailoni. Ndipo akazungusha kanga kwenye mkono wa Richard, akakita katambuga zake kwenye ufa, akamvuta. Alikuwa na nguvu za miaka ishirini na mitano ya kabichi. Alimtoa kama mtu anavyong'oa muhogo.

Juu ya mwamba akamwambia avue mabuti. Alivua, na soksi za nailoni zikatoka na ngozi. Modesta akayatia mabuti kwenye kikapu chake, na Richard akateremka pekupeku mwendo wa saa nzima, akilia kila kokoto.

Chini barabarani watu walisimama wote walipowaona. Bi Josephine aliitazama ile miguu, kisha akanyoosha mkono akapewa fomu. Aliisoma kwa sauti kubwa, maswali na majibu yake, mpaka kwenye dole la tope. Wachukuzi wa mboga walisogea karibu wasikie, na Benedikto alikuwa katikati yao.

"Nimelazimishwa!" alisema Richard. "Pale mwambani kuna maji! Na soli hizi, mtu yeyote, mtu yeyote mwenye akili zake timamu angeteleza pale!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe, akatamani kuyarudisha. Lakini yalikwisha kutoka.

"Ndugu Mkaguzi," alisema Modesta, "hebu tuambie. Ulikuwa umelewa?"

"Mimi? Sijaonja hata tone!"

"Tunakuamini. Sasa msemee na mwenzako, maana yeye hakubahatika kupata wa kumvuta."

"Mwenzake nani?" aliuliza Bi Josephine.

"Amtaje mwenyewe."

Richard alitazama chini, kwenye miguu yake. Nyuma ya watu mzee Ramadhani alivua kofia, akaanza kusogea mbele, na safari hii alikuwa tayari ameshafungua mdomo. Richard akamwona. Akajua limekwisha.

"Bonifasi," alisema. "Bonifasi hakuwa amelewa. Aliniambia yanateleza, nikaandika yanafaa. Habari ya pombe niliitunga mimi."

Benedikto akatoka katikati ya wachukuzi. Hakumtazama Richard hata kidogo. Alichukua kikapu kichwani mwa mama yake, kikiwa na mabuti yale ndani, akajitwika.

Baada ya mavuno ukoo ulikaa mara ya tatu, na Benedikto akapewa jina la mjomba wake pamoja na panga lake na kigoda chake. Walinzi wa misitu wakavishwa mabuti ya soli ya tairi, kazi ya mikono ya mzee Ramadhani. Richard alijadiliwa kwenye mkutano kwa siku mbili, akaondolewa mezani, akapewa kazi stoo. Alibaki Morogoro. Hilo nalo Modesta alilipenda, kwa sababu mtu akihama hasikii yanayosemwa.

Na yalisemwa. Milima haikai bila utani. Ule wa zamani ulikufa wenyewe mnamo mwezi mmoja, ukazaliwa mwingine, ukateremka na mboga mpaka sokoni, ukaingia mjini, ukamfikia mwenyewe stoo alikokuwa akihesabu kamba za viatu. Padri alimwita Modesta akamwambia mwanangu, samehe, wakataze watu. Modesta akajibu kwamba atasamehe Kwaresima. Padri akauliza ya mwaka gani. Modesta akasema hajaamua.

Siku moja ya masika walikuwa wakiteremka na kabichi, yeye mbele, mwanawe nyuma. Penye ule udongo mwekundu kijana akateleza, akakaa chini puu, kabichi zikatawanyika mpaka kwenye mifereji. Wachukuzi wote wakasimama. Wakamtazama mama, wasijue kama wacheke.

Modesta akatua mzigo wake, na safari hii hakuificha sura.

"Wewe Bonifasi!" aliita, kwa sauti iliyovuka bonde. "Umevaa vya Richard?"

Akawa wa kwanza kucheka.